Sauti Niliyosema Nimeifuta

Kila jioni, kabla chakula hakijaletwa mezani, ilibidi kwanza baba aondoe nyaya zake. Alikuwa fundi umeme, na meza yetu ya kulia ndiyo iliyokuwa karakana yake. Bisibisi, koleo, tepu nyeusi na visanduku vidogo vyeupe vilikaa pale kutwa nzima, na mama alikuwa ameshachoka kulalamika. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza nikifanya hesabu za shule, nikisubiri aniite akisema, "Kipaza, njoo useme kidogo."

Kipaza ndilo jina alilonipa tangu nikiwa mdogo, kwa sababu ya sauti yangu. Mama alizoea kuwaambia wageni kwamba mimi nikinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Darasani sauti hiyo iliniponza kila wiki, lakini kwa baba ilikuwa na faida. Miaka ile alikuwa ameanza kufunga mitambo ya nyumba zinazoendeshwa kwa sauti. Mwenye nyumba anasema, "Nyumba, washa taa," na taa zinawaka. Akitaka feni izunguke au mlango ufungwe, ni kusema tu. Mtambo wenyewe haujibu kitu, unatenda. Na haumtii kila anayepita, unatii sauti zilizosajiliwa tu, yaani zile ambazo umefundishwa kuzitambua.

Baba alikuwa na utaratibu wake ambao sijaona fundi mwingine akiufuata. Kila alipomaliza nyumba, alinichukua nikasajili sauti yangu baada ya ile ya mwenye nyumba, ili ahakikishe mtambo unawatofautisha watu wawili. Kisha sauti yangu ilifutwa, nami nilitoa amri tena. Mtambo ukinikataa, kazi imekwisha. Hiyo kazi ya kufuta alinikabidhi mimi mwenyewe. Alisema vidole vyangu ni vyepesi kwenye kompyuta kuliko vyake, lakini nilijua ananifundisha ufundi. Aliwaambia wateja kwamba binti yake ndiye mkaguzi wa mwisho, na mimi nilitembea kifua mbele.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baba alipata kazi mtaa wa pili kutoka kwetu, kwa Bibi Mkunga. Aliitwa hivyo kwa sababu alizalisha akina mama hospitalini kwa miaka thelathini na minne, na nusu ya watoto wa mtaa, mimi nikiwemo, tulipokelewa na mikono yake. Sasa alikuwa amestaafu na anaishi peke yake. Macho yake yalikuwa yakififia, swichi nyeupe kwenye ukuta mweupe ilimbidi aipapase mpaka aipate. Mwanawe, msimamizi katika kampuni ya ujenzi, alitaka kumchukua akakae naye mjini, ghorofa ya sita. Bibi hakutaka hata kusikia. Mwishowe wakakubaliana kwamba atafungiwa mtambo wa sauti. Akiweza kuishi nao salama, atabaki kwake. Asipoweza, atahama, na hapo hakutakuwa na mjadala.

Siku ya kusajili sauti yake tulicheka sana. Bibi Mkunga alikataa kuuamrisha mtambo hivi hivi, alisema hakulelewa kumtuma mtu bila kumwomba. Kwa hiyo alisema, "Nyumba, tafadhali washa taa," na taa zilipowaka akashukuru. Baba alicheka mpaka akashika ngazi. Mwanawe naye alifurahi, akamwambia baba kwamba kampuni yao inajenga nyumba ishirini nje ya mji, na mama yake akizoea mtambo huu, kazi ya nyumba zote ishirini itakuwa ya baba.

Ikabaki kufuta sauti yangu. Kufuta kulikuwa na hatua nyingi: unafuta kwenye kompyuta, unazima mtambo, unasubiri robo saa, unauwasha, kisha unaujaribu kwenye kila kinasa sauti ndani ya nyumba, yaani vile visanduku vidogo vinavyopokea amri. Baba alikuwa nje kwenye mita. Rafiki yangu Kijiti, msichana mwembamba kuliko wote darasani, alikuwa getini ananipigia mluzi twende uwanjani. Niliitazama kompyuta, nikautazama mlango. Baba aliporudi, nikamwambia, "Nimeshafuta, baba. Nimejaribu, imenikataa."

Baba akaandika kwenye daftari lake la kazi kwamba imefutwa, akafunga sanduku la vifaa. Mimi nikakimbilia uwanjani. Wala sikujisikia vibaya, niseme ukweli. Nilijiambia nitakuja kuifuta siku nyingine, na kabla mchezo haujaisha nilikuwa nimeshasahau.

Aliyenikumbusha ni Kijiti. Wiki moja baadaye tulikuwa tunapita uchochoro ulio nyuma ya jiko la Bibi Mkunga, nami nilikuwa najisifu kama kawaida yangu kwamba nyumba nyingi mtaani zimewahi kutii amri yangu. Kijiti akasema natia chumvi. Dirisha la jiko lilikuwa wazi, na kinasa sauti cha jikoni nilikijua kilipo, pembeni kabisa ya dirisha. Nikasogea nikasema kwa sauti ya chini, "Nyumba, zima taa." Nyumba nzima ikawa kiza.

Kijiti alicheka mpaka akakaa chini. Tulimsikia Bibi akiomba taa iwashwe, ikawaka, nami nikaizima tena. Alikuwa sebuleni, redio imefunguliwa, na masikio yake nayo hayakuwa ya ujana, kwa hiyo hakunisikia. Mimi niliyeshindwa kunong'ona maisha yangu yote, nilijifunza kunong'ona kwenye dirisha lile. Tukawa tunapita pale kila tunapotoka mchezoni, giza likikaribia. Zima, washa, zungusha feni, simamisha feni. Wakati mwingine Bibi alitoka sebuleni akipapasa kuta na kuuliza ni nani yupo, na sisi tulijibanza huku tumeziba midomo.

Jioni ya mwisho alikuwa jikoni kwenyewe. Hatukumwona. Nilizima taa, tukasikia birika likianguka na maji yakimwagika, halafu sauti ya mtu anayejizuia kulia. Tulikimbia bila kugeuka nyuma. Kesho yake nilimwona barazani, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, mjukuu wangu. Tangu siku hiyo hatukupita tena uchochoroni, na nilijidanganya kwamba kuacha kunatosha.

Jumamosi yake mwanawe alikuja, akamwita baba akague mtambo, kwa sababu mama yake analalamika kwamba taa zinajizima. Baba akanichukua twende wote. Baba alipima nyaya, akapima visanduku, akajaribu kila chumba. Kila kitu kilikuwa sawa. Akamweleza yule mwana kwamba mtambo hauwezi kuzima taa wenyewe, lazima upate amri, na amri lazima itoke kwa sauti iliyosajiliwa.

"Na zimesajiliwa sauti ngapi?" mwana akauliza.

"Moja tu, ya mama yako," baba akajibu. Kisha akanigeukia, nadhani kwa ajili ya kukamilisha tu, maana hakuwa na shaka. "Ile yako uliifuta, sivyo?"

Bibi Mkunga alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono wa bendeji juu ya mapaja, uso ameuelekeza kwangu. Mwanawe alikuwa ananitazama. Baba alikuwa ananitazama. Neno lilitoka bila taabu.

"Niliifuta, baba."

"Basi ni sauti moja," baba akasema. "Nakuhakikishia kwa jina langu la kazi. Amri zote zimetoka kwa mama mwenyewe."

Hakuna aliyemgombeza Bibi. Mwanawe aliongea naye kwa upole mwingi, kama watu wanavyoongea na mgonjwa. Alisema si kosa lake, ni umri, kila mtu atafika huko. Alisema anazima taa mwenyewe kisha anasahau, na leo ni birika, kesho itakuwa moto. Jumamosi ijayo atakuja na gari kuchukua vitu. Bibi alisema kwamba hakuzima yeye. Mwanawe akamjibu, "Sawa, mama," kwa namna ambayo hata mimi mtoto nilijua hamwamini. Bibi hakurudia tena.

Njiani baba aliniambia kwamba inasikitisha kumwona mtu mwenye akili vile akianza kupotea. Nikasema ndiyo, inasikitisha. Kwa neno hilo najichukia mpaka leo.

Ijumaa, nikitoka shule, Bibi Mkunga aliniita kutoka barazani. Nilitamani kujifanya sikusikia, lakini alikuwa ametaja jina langu mara mbili. Ndani, vitu vyake vilikuwa vimeanza kufungwa kwenye maboksi. Alinipa daftari la shule, akaniomba nimsomee alichoandika, kwa sababu macho yake hayasomi tena hata mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Nikaanza kusoma.

"Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro robo. Taa imezimika. Sikusema kitu."

"Endelea," akasema.

"Alhamisi, saa kumi na mbili. Taa imezimika mara tatu. Nina hakika sikusema kitu." Nikafunua ukurasa. "Jumanne, saa kumi na mbili na dakika tano. Feni imesimama. Nadhani sikusema kitu." Mstari wa mwisho uliandikwa vibaya kuliko yote. "Jumatano. Taa imezimika, nimeungua. Huenda nilisema mwenyewe."

Bibi akaniambia kwamba hospitalini aliandika saa ya kuzaliwa ya kila mtoto, na miaka yote ile hakukosea hata dakika. "Nitazamie wewe mwenye macho," akasema. "Kuna mahali nimejichanganya? Siku nimeziruka?"

"Hapana, bibi. Zote ziko sawa."

"Basi ni kichwa," akasema, akanyoosha mkono nimrudishie daftari lake.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Kijiti. Nilimwambia twende wote tukaseme. Kijiti alikuwa anasuka nywele za mdogo wake na hakuinua hata kichwa. Akasema yeye hajawahi kumwambia mtu azime taa, sauti iliyozima ni yangu, na sauti yake yeye haimo kwenye mtambo wowote. Kwa hilo alisema kweli. Alikuwa amecheka tu.

Asubuhi ya Jumamosi baba alikuwa mezani na chai yake, anapanga vifaa. Nilisimama mbele yake nikasema yote: kwamba sikufuta, kwamba tulipita dirishani, kwamba birika lilianguka kwa sababu yangu. Nilitegemea atapandisha sauti. Hakupandisha. Aliuliza jambo moja tu.

"Jumamosi iliyopita nilipokuuliza mbele ya watu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

Akaisogeza chai yake pembeni. Kisha akachukua sanduku la vifaa na kusema twende.

Tulikuta gari limeshafika. Kitanda cha Bibi kilikuwa kimefunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani, na godoro liko nje. Bibi alikuwa amekaa kwenye boksi, amevaa viatu vya safari. Baba alimsalimia, akamwomba mwanawe ampe dakika mbili, halafu akanituma niende nyuma ya nyumba, nisimame pale nilipokuwa nasimama na niseme kama nilivyokuwa nasema. Nikazunguka. Nikalisogelea dirisha la jiko. "Nyumba," nikanong'ona, "washa taa."

Taa za nyumba nzima ziliwaka, mchana kweupe.

Niliporudi sebuleni, baba alikuwa anaongea. Alikuwa anasema kwamba mtambo ulikuwa na sauti mbili, naye aliapa kwamba iko moja. Hakuufungua kuhakikisha, ilhali kuhakikisha ilikuwa kazi yake. "Mama yako hajasahau kitu," akamwambia yule mwana. "Alikuwa anasema kweli tangu siku ya kwanza. Tuliosema uongo ni sisi."

Alisema sisi. Hakunisukuma mbele, hakusema ni mtoto huyu. Mwana wa Bibi alinitazama mimi, kisha akamtazama baba, na hasira yake ikamwendea baba. Akamwambia kwamba alikuwa tayari kumhamisha mama yake kwa kutegemea neno la fundi. Akamwambia asikanyage tena kwenye kazi zake, na zile nyumba ishirini atatafuta fundi mwingine, fundi anayekagua. Baba alisema ana haki. Hakuomba wala hakujitetea, na mimi nilikuwa najua ni miezi mingapi alikuwa ameingoja kazi ile.

Nikapiga magoti mbele ya Bibi Mkunga, nikamwomba radhi. Yeye aliuliza ni siku ngapi.

"Siku kumi, bibi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kuungua si kitu, mkono unapona," akasema. "Lakini nilianza kujiogopa. Nilikuwa nakaa humu ndani nikijiuliza kesho nitasahau nini, nitafanya nini bila kujua. Mwanangu akanitazama kama mtu aliyekwisha, na mimi nikakubali. Nilikubali, unaelewa? Nikaandika kwa mkono wangu kwamba huenda ni mimi."

Nilisema naelewa. Nikasema tena nisamehe. Akajibu kwamba amenisikia, basi, na akaniambia niinuke nimpishe fundi afunge kitanda.

Baba na mwana wa Bibi wakakifunga kitanda bila kusemeshana, mimi nikishika boliti na kuwapa moja moja. Godoro likarudishwa, maboksi yakafunguliwa. Bibi alibaki nyumbani kwake. Lakini alimwomba baba aung'oe mtambo wote. Baba alimweleza kwamba sasa hauna tatizo lolote. Bibi akasema anajua, ila taa ikizimika hata kwa umeme kukatika, ataanza upya kujiuliza. Kwa hiyo baba akauondoa, kisanduku kwa kisanduku, na kila swichi akaizungushia tepu nyeusi ili macho ya Bibi yaione juu ya ukuta mweupe. Kazi hiyo ilichukua siku nzima.

Baada ya hapo nilipita mbele ya baraza ile kila siku. Bibi Mkunga aliitikia salamu yangu kila siku, lakini neno mjukuu wangu hakuliongeza tena, wala hakuniita ndani.

Baba alikaa muda mrefu akitengeneza pasi na redio za majirani. Ilipita miezi minne ndipo akapata mtambo wa kufunga, nyumba ndogo ya vyumba viwili ya mwalimu mmoja. Akanichukua kama zamani. Tulipomaliza nilifuta sauti yangu, nikazima mtambo, nikasubiri robo saa bila kubandua macho kwenye saa, nikauwasha na kujaribu kila kinasa sauti. Ulinikataa kote.

"Nimefuta, baba," nikasema.

Baba akaitikia kwa kichwa, akavuta kompyuta upande wake, akaanza kupitia orodha ya sauti yeye mwenyewe. Kisha akachukua ngazi, akaniita, akanifanya nitoe amri upya kwenye kila chumba huku anasikiliza. Nilisimama chini ya ngazi, uso unawaka moto. Aliona.

"Sifanyi hivi kukuadhibu," akasema alipokuwa anashuka. "Ulinidanganya kwa neno dogo tu, ili uwahi mchezo. Lakini mimi nilikuamini, kwa hiyo nililichukua neno lako nikaenda kuwaambia wengine nikidhani ni kweli. Mwana akaliamini kwa sababu nimelisema mimi. Mama wa watu akaacha kujiamini kwa sababu yetu sote. Ukimdanganya anayekuamini, unampa uongo wako autembeze, na yeye hajui alichobeba. Kwa hiyo kwa sasa neno lako nitalikagua kwanza. Siku moja nitaacha. Siwezi kukuambia ni lini, kwa sababu hata mimi sijui."

Nikasema nimeelewa, baba. Akanipa upande mmoja wa ngazi, yeye akashika mwingine, tukaibeba mpaka nyumbani.